Pima Kabla ya Kununua, Hakikisha Kabla ya Kushutumu

Katika mtaa wetu hapa Dar es Salaam yuko mwalimu mstaafu ambaye sehemu ya kiinua mgongo chake alinunulia gari dogo lililotumika, lililoundwa katika miaka ya 1990. Si gari la fahari. Ndilo linalompeleka mkewe kliniki ya kisukari kila mwezi, na ndilo linalowarejesha wajukuu kutoka madrasa jioni. Mwanzoni mwa masika gari hilo lilianza kutetemeka. Lilipowashwa asubuhi usukani ulitikisika, injini ilikohoa, na kila liliposimama kwenye taa za barabarani lilitaka kuzima.

Fundi kijana wa mtaani, ambaye mwalimu mwenyewe alimsomesha darasa la tatu, alibadilisha plagi zote 4. Gari likatulia. Baada ya wiki chache mvua zilizokuwa zimekatika zilirudi, na mtetemo ukarudi nazo. Mwalimu akaamini kwamba ameuziwa plagi bandia, au kwamba alizolipia hazikufungwa kabisa. Hakuyaficha maneno hayo. Aliyasema barazani baada ya swala ya Ijumaa, na kabla ya Magharibi yalikwishamfikia mama wa yule kijana. Kisha mwalimu akaenda kwa mafundi wengine wawili. Wa kwanza alimfungia pampu mpya ya mafuta, wa pili akambadilishia nozeli. Fedha zikaenda, mtetemo ukabaki.

Mwalimu ameridhia kisa chake kisimuliwe bila jina, kwa kuwa wengi wetu tumepita njia hiyo hiyo. Tunaendesha magari ya zamani kwa sababu ndiyo tunayoyamudu, na yanapougua tunalipia dhana badala ya kulipia uchunguzi.

Injini inapotetemeka ina maana gani?

Magari mengi madogo tunayotumia yana injini ya silinda 4. Kila silinda huhitaji mambo matatu ili ifanye kazi: mchanganyiko wa hewa na petroli kwa kipimo kinachofaa, mgandamizo wa kutosha, na cheche ya umeme kwa wakati wake. Likikosekana moja kati ya hayo, silinda hiyo haiwaki, na zilizobaki hubeba mzigo wake. Hapo ndipo mafundi husema injini inamisi, na mtetemo ndio dalili yake.

Dalili hiyo moja ina sababu nyingi. Plagi iliyochakaa, waya wa plagi unaovujisha umeme, kifuniko cha distribyuta kilichopasuka, nozeli iliyoziba, mpira wa hewa uliochanika, valvu isiyofunga sawasawa na gasketi iliyoungua, vyote humfanya dereva aseme maneno yale yale: gari linatetemeka. Anayetaja kifaa cha kununua kabla hajafunua boneti anabahatisha, hata kama safari hii atapatia.

Maswali kabla ya spana

Hatimaye mwalimu alipelekwa kwa fundi mmoja mtu mzima. Jambo la kwanza alilofanya mzee huyo halikuhitaji spana. Aliuliza maswali. Gari linatetemeka likiwa baridi au likishapata moto? Likiwa limesimama au likipanda mlima? Lilianza ghafla au kidogo kidogo? Lilitengenezwa nini kabla halijaanza? Mwalimu akajibu kwamba hali huwa mbaya asubuhi, hasa baada ya mvua ya usiku, na kwamba jua likiwaka adhuhuri gari huwa afadhali.

Jibu hilo lilikuwa na uzito kuliko vifaa vyote vilivyokwisha kununuliwa. Hitilafu inayokuja na unyevu humwelekeza fundi kwenye umeme wa plagi kwanza. Umeme huo huzidi volti 20,000, na hutafuta njia fupi ya kufika kwenye chuma cha injini. Palipo na ufa katika ganda la waya, unyevu huurahisishia njia, na cheche hurukia nje badala ya kuwaka ndani ya silinda.

Vivyo hivyo, majibu mengine huelekeza kwingine. Gari likitetemeka likiwa limesimama tu, kisha likatulia linapokanyagwa mafuta, huenda mpira wa hewa umechanika na injini inavuta hewa isiyopimwa. Likikosa nguvu mlimani, filta ya mafuta iliyoziba au pampu iliyochoka hushukiwa. Likianza mara tu baada ya kujaza tangi, mafuta yenyewe yaangaliwe. Wasomaji wa umri fulani wanakumbuka enzi za uchakachuaji, petroli ilipochanganywa na mafuta ya taa, hadi EWURA ilipoanzisha uwekaji wa vinasaba katika mafuta mwaka 2010.

Moshi nao husema. Moshi mweusi ni dalili ya petroli kuzidi hewa. Wa buluu huonyesha kwamba oili inaungua. Mweupe mzito usiokoma hata injini ikishapata moto, huku maji ya rejeta yakipungua, ni sababu ya kuzima gari na kuchunguza gasketi ya silinda hedi.

Kuitafuta silinda iliyolala

Baada ya maswali, fundi aliwasha injini na kuchomoa soketi ya umeme ya nozeli, moja baada ya nyingine, akirudisha kila moja kabla ya kugusa inayofuata. Alipochomoa ya silinda ya kwanza, injini ilizidi kuyumba, maana yake silinda hiyo ilikuwa ikifanya kazi. Ya pili na ya nne zikawa hivyo hivyo. Alipochomoa ya tatu, hakuna kilichobadilika. Silinda ya tatu ndiyo iliyolala.

Akazima injini, akahamisha plagi ya silinda ya tatu kuipeleka ya pili, na ya pili kuileta ya tatu. Kama plagi ingekuwa mbovu, ugonjwa ungehama pamoja nayo. Haukuhama. Zile plagi ambazo kijana alishutumiwa kwazo zilikuwa nzima.

Kisha fundi akapima waya wa silinda ya tatu kwa mita. Katika injini nyingi za Toyota za miaka hiyo, kikomo cha waya mmoja ni ohmu 25,000, na waya huu ulikuwa ndani ya kikomo. Hapo mwenye haraka angeuacha. Lakini mita hupima njia ya ndani ya waya tu. Haioni ufa wa ganda. Fundi akasema, “Mwalimu, rudi baada ya Isha, uje na ile chupa ya kunyunyizia nguo wakati wa kupiga pasi.”

Usiku ule gari liliwashwa uani, mahali pa wazi, taa zikazimwa. Fundi akanyunyizia maji mepesi karibu na nyaya za plagi, bila kuzigusa. Papo hapo cheche za buluu zikaonekana zikiruka kutoka kwenye waya wa silinda ya tatu hadi kwenye chuma cha injini, na injini ikaanza kukohoa. Waya uliopasuka ndio uliokuwa ugonjwa, na bei ya nyaya zote 4 ilikuwa sehemu ndogo ya gharama ya pampu peke yake.

Basi kwa nini gari lilitulia kijana alipobadilisha plagi? Kwa sababu plagi mpya huhitaji umeme mdogo zaidi ili kutoa cheche, na wakati huo mvua zilikuwa zimekatika. Waya mbovu ukapata nafuu ya muda. Kazi ya kijana ilikuwa ya haki, ila haikukamilika.

Ushahidi usiokuwa hukumu

Yapo magari ambayo taa ya injini huwaka kwenye dashibodi. Katika Toyota nyingi za kabla ya 1996, ndani ya boneti kuna kisanduku kidogo cha uchunguzi. Fundi akiunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, kisha akafungua swichi bila kuwasha injini, taa hiyo hukonyeza kwa hesabu. Kwa mfano, namba 22 huhusu sensa ya joto la maji. Hata hivyo, namba hiyo hutaja njia nzima ya umeme wa sensa. Huenda ni sensa, huenda ni waya uliokatika, huenda ni soketi yenye kutu. Taa hutoa ushahidi tu, na ushahidi unahitaji kupimwa.

Ikiwa cheche na mafuta vyote viko sawa, hubaki kipimo cha mgandamizo. Cha kutazamwa zaidi ni tofauti baina ya silinda na silinda. Iliyo dhaifu hutiwa kijiko kimoja cha oili na kupimwa tena. Mgandamizo ukipanda, ringi za pistoni zimechakaa. Usipopanda, shaka huhamia kwenye valvu au gasketi. Silinda mbili zinazopakana zikiwa dhaifu kwa pamoja, gasketi iliyo kati yake ndiyo hushukiwa kwanza.

Wazazi wazingatie usalama. Injini isingurume ndani ya gereji iliyofungwa, kwa kuwa moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu. Rejeta yenye moto isifunguliwe. Nyaya za plagi zisishikwe kwa mkono injini ikiwa inafanya kazi, na watoto wakae mbali.

Amana ya pande mbili

Mwenye gari anaweza kujilinda kwa mambo madogo. Aweke daftari la gari, aandike kila kilichobadilishwa, tarehe yake na dalili zilizokuwapo. Akubaliane na fundi ujira wa kupima, mbali na ujira wa kufunga, ili fundi asilazimike kuuza kifaa ndipo apate riziki. Aombe kukabidhiwa kifaa cha zamani. Naye fundi ajue kwamba gari aliloachiwa ni amana, na kwamba kusema “sijajua bado, niache nipime” hakumpunguzii heshima.

Surat al-Hujurat imetuamuru kuhakikisha habari kabla ya kuifanyia kazi. Tumezoea kuisoma amri hiyo tukifikiria fitina na uvumi. Mwalimu anasema sasa huikumbuka kila anapofunua boneti.

Ijumaa iliyofuata alimwita yule kijana barazani, mbele ya wale wale waliosikia shutuma. “Mwanangu,” alimwambia, “nilikusema mbele za watu, na mbele za watu nakuomba radhi. Plagi zako zilikuwa nzima.” Kijana akainamisha kichwa, akajibu, “Yameisha, mwalimu.” Jioni ile ile yeye ndiye aliyefunga nyaya mpya, na mwalimu akapita kwa mama yake kumweleza kwa kinywa chake mwenyewe.

Mwenyezi Mungu atujaalie subira ya kupima kabla ya kutoa fedha zetu, na zaidi ya hapo, kabla ya kuvunja heshima ya mtu. Amin.