Keezo na Kalamu ya Mti

Kila mwanafunzi hushika kalamu, lakini ni wachache wajuao kwamba kalamu nzuri yaweza kutengenezwa nyumbani kwa kipande kidogo cha mti. Kazi hii hufanywa kwa chombo kiitwacho keezo, na kuifanya ndiko kukereza. Na tutazame jinsi ifanywavyo, kisha tujue kwa nini fundi mmoja hupata faida kwayo na mwingine hupata hasara.

Keezo ni chombo cha kale. Katika kaburi la Petosiris huko Misri, lililojengwa yapata miaka 300 kabla ya Kristo, imechongwa picha ya watu wawili wakikereza: mmoja azungusha mti kwa kamba, na mwenziwe aukata. Katika pwani yetu, mafundi wa Lamu na Unguja wamekereza miguu ya vitanda na viti tangu zamani.

Keezo la uta si gumu kulielewa. Vigingi viwili husimamishwa vikikabiliana, na kila kimoja kina ncha ya chuma. Mti hubanwa katikati ya ncha hizo, na ugwe wa uta huzungushwa juu yake mara moja. Fundi avutapo uta kwenda na kurudi, mti nao huzunguka huku na huku. Mti ukimjia, huugusisha patasi. Ukirudi nyuma, huiondoa kidogo. Keezo la umeme huzunguka upande mmoja tu bila kukoma, kwa hiyo kazi yake ni ya haraka zaidi. Lakini kanuni ni ileile: mti wazunguka, patasi yatulia.

Huenda mtoto akaaye Goziba, kisiwa cha wavuvi katika Ziwa Victoria, wilaya ya Muleba, akauliza, "Sisi twaishi kwa samaki, mti wa kukereza tutautoa wapi?" Na ajibiwe kwamba kalamu haihitaji gogo. Mashua itengenezwapo mwaloni, vipande vya mbao huanguka chini, na mara nyingi huishia mekoni. Huko bara, katika vibanja vya Muleba na Bukoba, mibuni iliyozeeka hukatwa, na shina la mbuni ni gumu, hukerezeka vizuri. Mti mashuhuri kuliko yote kwa kazi hii ni mpingo, uotao Kilwa na Lindi. Ni mzito hata huzama majini, nao ndio utengenezewao zumari za Ulaya. Lakini mpingo wataka patasi kali na mkono uliozoea. Afadhali anayejifunza aanze kwa mbuni.

Kazi yenyewe huenda hivi. Kwanza fundi hukata kipande cha mraba, unene wake sentimeta 2 na urefu wake sentimeta 12. Pili, hukitoboa kwa keekee katikati, toka mwisho mmoja hata wa pili. Tundu likienda upande, kipande kimeharibika. Tatu, hutia ndani mrija mwembamba wa shaba kwa gundi, akangoja gundi ishike. Nne, hukiweka katika keezo, akakikereza mpaka kiwe mviringo na chembamba. Tano, hukisugua kwa msasa, kwanza ule mkali, kisha ule laini, akakipaka nta. Mwisho huingiza mrija wa wino na ncha yake. Wakati wote huo hufunika pua kwa kitambaa, maana vumbi la mti hudhuru mapafu. Hulinda macho yake, wala havai nguo yenye mikono inayoning'inia.

Sasa tufike kwenye jambo kubwa. Mti mbichi una maji ndani yake, na kadiri ukaukavyo husinyaa. Lakini shaba haisinyai. Basi mti uliokerezwa ungali mbichi huendelea kuibana shaba siku kwa siku, na mwisho hupasuka, pengine mkononi mwa mnunuzi. Kwa hiyo fundi mwangalifu hupaka nta kwenye ncha mbili za kila kipande, ili zisikauke upesi kuliko katikati. Kisha hupanga vipande kivulini, mahali penye upepo, akavipima kwa mizani kila juma. Maadamu uzito unapungua, maji yangali yatoka. Uzito ukisimama kwa majuma kadhaa mfululizo, mti u tayari. Karibu na ziwa, ambako hewa ina unyevu mwingi, kungoja huko ni kwa miezi.

Wengine huona kungoja huku ni kupoteza wakati. Na tufanye hesabu. Tuseme vifaa vya kalamu moja ni shilingi 4,000, nayo huuzwa shilingi 7,000. Fundi aanza kalamu 10. Gharama yake ni shilingi 40,000. Mti ulikuwa mkavu, na kalamu 2 tu zikaharibika katika kutoboa. Auza 8, apata shilingi 56,000. Faida yake ni shilingi 16,000. Jirani yake naye aanza kalamu 10, lakini kwa mti mbichi. Zaharibika 2 katika kutoboa, na 3 zapasuka baada ya kuuzwa, naye awarudishia wanunuzi fedha zao. Zabaki 5, yaani shilingi 35,000. Amefanya kazi siku zilezile, kwa vyombo vilevile, naye amepoteza shilingi 5,000.

Tena hasara hiyo si ya fedha tu. Kisiwani watu wajuana, na habari ya kalamu iliyopasuka hufika mwalo wa pili kabla ya jioni. Ukitaka kuianza kazi hii, usianze kwa kununua keezo. Anza leo kwa kuokota vipande vya mti, uandike juu ya kila kimoja tarehe na uzito wake, uviweke kivulini. Siku utakapopata keezo, mti wako utakuwa tayari.