Mabinti wakianguka shuleni, tusikimbilie kusema ni mashetani

Wiki hii tuzungumzie jambo ambalo wazazi wengi hulisikia kwa hofu: mabinti wa shule moja, mara nyingi ya bweni, kuanza kupiga kelele, kulia, kucheka au kuanguka mmoja baada ya mwingine. Wengi wetu tukipata habari hiyo jibu tunalo tayari: shule imeingiliwa na mashetani. Kisha anatafutwa mchawi, na mara nyingi anayenyooshewa kidole ni bibi kizee asiye na mtetezi.

Sisi watu wa Kagera tulipaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili, kwani limeandikwa katika vitabu vya tiba duniani kutokea hapa kwetu.

Tarehe 30 Januari 1962, Tanganyika ikiwa haijatimiza miezi miwili ya uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha, ambayo leo iko wilaya ya Muleba, walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Hali hiyo ikaenea hadi wakafikia wanafunzi 95 kati ya 159. Kwa wengine ilidumu saa chache, kwa wengine ilirudiarudia hadi siku 16. Tarehe 18 Machi shule ikafungwa na wasichana wakarudishwa makwao.

Hapo ndipo ugonjwa ulipotoka nje ya shule. Nshamba, kulikokuwa nyumbani kwa baadhi yao, watu 217 walipatwa, wengi wao vijana na watoto wa shule. Mwezi Juni ukafika shule ya wasichana ya Ramashenye karibu na mji wa Bukoba, wakaugua 48 kati ya 154. Wahaya waliuita "enwara yokusheka", yaani ugonjwa wa kucheka. Wapo waliosema hewa imetiwa sumu na mabomu ya atomiki.

Madaktari wawili, Rankin na Philip, walichunguza na kuandika matokeo yao mwaka 1963. Walipima damu na maji ya uti wa mgongo, wakachunguza na chakula. Hawakukuta sumu wala vijidudu. Hakuna aliyekufa. Na zingatia hili, ndugu msomaji: walimu wa Kashasha hawakupatwa hata mmoja. Walikuwa shule ile ile, lakini mzigo wao haukuwa sawa na wa wanafunzi.

JE, WALIKUWA WANAJIFANYA?

Hapana. Kicheko kile hakikuwa cha furaha. Binti aliye mbali na mama yake, mwenye hofu ya mtihani au ya adhabu, na asiye na wa kumwambia, hubeba moyoni asiloweza kulitamka. Moyo ukielemewa, mwili husema badala yake. Mwenzake mwenye mzigo kama huo akimwona, mwili wake nao huitikia. Ni ugonjwa wa kweli, ila haukai kwenye damu.

TUFANYE NINI?

Kwanza, apelekwe zahanati au kituo cha afya. Kwetu Muleba na Bukoba malaria ikipanda kichwani humfanya mtu aweweseke, na anayecheleweshwa hufa. Ukiona homa, shingo kukakamaa, degedege, kujing'ata ulimi au kupoteza fahamu, usingoje hata saa moja.

Pili, aliyepatwa atengwe na macho ya watu, akae mahali patulivu na mtu anayemwamini. Umati wa watazamaji ndio unaoeneza hali hii.

Tatu, asipigwe, asifungwe kamba, asifukizwe moshi wala kutiwa pilipili. Haya huongeza hofu, na hofu ndiyo iliyomfikisha hapo.

Nne, akitulia aulizwe kwa upole na faragha: nini kinakusumbua? Huenda ni njaa, viboko, au mtu mzima anayemtaka kwa ubaya. Hilo likijulikana lishughulikiwe bila kumwonea haya mkubwa yeyote.

Kumsomea dua mgonjwa ni jambo jema, na sauti ya mzazi akimwombea humtuliza. Lakini dua haimzuii mtu kwenda hospitali. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kujitibu, kwa kuwa kila maradhi yana dawa yake.

La mwisho ni ulimi. Maradhi haya hupita, bali jina la "yule mwenye mashetani" halipiti. Kwa ajili ya jina hilo binti huachishwa shule, huchekwa madrasa, na posa yake huvunjwa. Wasichana wa Kashasha walipona. Tusimnyime binti yetu nafasi ya kupona kwa maneno yetu wenyewe.