Kutoka Kisu cha Kakungulu hadi Maji ya Nabugoye

Mwaka 1919, karibu na mji wa Mbale, Uganda, chini ya Mlima Elgon, jemadari wa Kiganda Semei Kakungulu alitahiriwa, yeye na wanawe. Wenzake wa dhehebu la Wamalaki walikuwa wamemkanya. Waliitunza Jumamosi kama yeye na kuzikataa dawa za kizungu, ila tohara, walimwambia, ni mambo ya Wayahudi. Akawajibu kwamba kama ni hivyo, basi yeye ni Myahudi.

Mbale hapakuwa na rabi wala sinagogi. Kakungulu alikuwa na Biblia ya Kiganda, na alikuwa na kinyongo. Aliwapigania Waingereza mashariki ya Mto Nile akitarajia kutawazwa mfalme wa nchi alizoziteka, nao wakamtumia kisha wakampunguzia madaraka hatua kwa hatua. Wapo wanaosema kinyongo hicho ndicho kilichomsukuma aiache dini ya wakubwa wake. Kilichangia, sikatai, lakini hakitoshi. Mtu mwenye hasira na serikali ana njia nyingi za kuionyesha, na kutahiriwa ukubwani, tena katika kabila lisilo na mila hiyo, si njia rahisi. Mwaka 1922 alitoa kitabu cha kurasa 90 hivi cha sala na maagizo kwa wafuasi wake, walioitwa Abayudaya. Kazi ya namna hiyo haifanywi na mtu anayetaka tu kumkomoa Mwingereza.

Sisi wa Afrika Mashariki tumezoea watu kubadili dini. Anayesilimu hutamka shahada mbele ya mashahidi, na siku hiyohiyo anaitwa ndugu. Anayeingia kanisani hupita mafundisho, kisha anabatizwa. Wengi hufanya hivyo kwa ajili ya ndoa, na jamaa wakishanung'unika kidogo, maisha yanaendelea. Kuingia Uyahudi ni safari ya aina nyingine. Hakuna mhubiri atakayekugongea hodi. Ukienda mwenyewe, desturi ya zamani inamtaka rabi akurudishe nyumbani kwanza, akukumbushe jinsi Wayahudi walivyoteswa, akuulize unatafuta nini kwao. Ukirudi tena, unaanza kufundishwa: Sabato, vyakula vilivyoruhusiwa na vilivyokatazwa, sikukuu, sala za Kiebrania. Kwa kawaida hupita miezi mingi, mara nyingi mwaka na zaidi. Mwisho unasimama mbele ya baraza la watu 3 liitwalo beit din, unaulizwa maswali, kisha unazama mwili mzima ndani ya maji. Mwanamume hutahiriwa, na kama alitahiriwa zamani hutolewa tone la damu. Unapewa jina la Kiebrania na kuandikwa mwana wa Abrahamu.

Kuanzia hapo ni mwiko mtu kukukumbusha ulikotoka. Katika karne ya 12, mwongofu aitwaye Obadia alimwandikia Maimonides, mwanachuoni mkuu aliyeishi Misri, akiuliza kama ana haki ya kumwita Mungu kuwa Mungu wa baba zetu, wakati baba zake hawakuwa Wayahudi. Maimonides alimjibu kwamba anayo, tena bila kupunguza neno hata moja, kwa kuwa Abrahamu ni baba wa kila anayeingia katika njia yake. Barua hiyo imehifadhiwa hadi leo, na kwangu ndiyo jibu bora kwa wote wanaoupima Uyahudi kwa rangi ya ngozi.

Watu wa Kakungulu waliipita njia hii kinyumenyume. Walianza kwa kubeba wajibu wote, na baraza likaja miaka 83 baadaye. Mwaka 1920 alifika kwao Myahudi aliyeitwa Yusufu, akakaa miezi kadhaa akiwafundisha kalenda, sikukuu na namna ya kuchinja. Kakungulu alifariki mwaka 1928, na jumuiya ikabaki na vitabu vichache na mazoea yake.

Kisha akaja Rais Idi Amin. Alipiga marufuku ibada za Kiyahudi, masinagogi yakafungwa au kubomolewa, na wengi wakaingia Ukristo au Uislamu ili wapate kuishi. Jumuiya iliyokuwa na maelfu ya watu ikabaki na mamia tu, wakisali kwa siri. Kampala ilikombolewa na jeshi la Tanzania, JWTZ, pamoja na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku hiyo Pasaka ya Kiyahudi ilikuwa inaanza. Sikukuu ya kutoka utumwani Misri! Askari wetu wa Kitanzania hawakuwa na habari, lakini Abayudaya hawajaisahau tarehe hiyo.

Miaka iliyofuata vijana wachache, wakiwamo Joab Jonadab Keki na Gershom Sizomu, waliifufua jumuiya katika kilima cha Nabugoye. Mwaka 2002 marabi wa mkondo wa Conservative walikuja kuketi kama beit din, na mamia ya Abayudaya wakahojiwa na kuzamishwa. Hebu fikiri mzee aliyesali kwa siri enzi za Amin anaulizwa na mgeni kama kweli anataka kuwa Myahudi. Mimi ningekasirika. Wao walikubali kuulizwa, na nauheshimu uamuzi huo kuliko kisu cha Kakungulu, kwa sababu yeye alijitangaza peke yake, na hawa waliomba kupokewa na taifa zima. Kijiji cha Putti kilichagua tofauti, kikataka uongofu wa mkondo mwingine wa Kiyahudi, ule wa Kiorthodoksi, na wana sababu zao: Waorthodoksi hawautambui ule wa Conservative.

Sizomu alikwenda kusomea urabi Los Angeles na kuhitimu mwaka 2008. Mwaka 2016 wapiga kura wa Bungokho Kaskazini, wengi wao Wakristo na Waislamu, walimchagua kuwa mbunge. Keki naye alianzisha mwaka 2004 ushirika wa kahawa wa Mirembe Kawomera, ambamo wakulima wa dini zote 3 waliungana kuuza mavuno yao.

Mlango wa Israel ndio bado mgumu. Mwaka 2016 Shirika la Kiyahudi liliwatambua Abayudaya kuwa jumuiya ya Kiyahudi, lakini mwaka 2018 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israel ilikataa ombi la mmoja wao aliyetaka kuhamia huko kwa Sheria ya Kurejea, inayowapa Wayahudi haki ya kuhamia. Nchi ina haki ya kuchagua wahamiaji wake. Lakini mtu aliyehojiwa na marabi 3 na kuzamishwa majini, akaambiwa kwamba Abrahamu ni baba yake, halafu afisa wa serikali anamrudisha kuwa mgeni, amedhulumiwa, na dhuluma hiyo inapingana na Torati yenyewe aliyoapa kuishika.