'Funga breki': Kiswahili chetu na maagizo ya usalama wa ndege

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi ni fundi wa ndege, alinitembelea hivi majuzi akiwa na karatasi mkononi. "Profesa, naomba unisomee hii kabla sijaibandika ukutani," akasema. Lilikuwa tangazo alilowaandikia vijana wanaojifunza kazi chini yake. Vitabu vya kazi yao vyote ni vya Kiingereza, lakini wakiwa chini ya ndege, mikono imejaa grisi, wanaongea Kiswahili. Tangazo lilikuwa na mistari mitatu tu: "Funga breki. Angalia pini. Pini ikiwa imeisha, breki inapaswa kubadilishwa."

Niliisoma mara mbili. Upatanisho wa kisarufi ulikuwa sawa na tahajia ilikuwa sawa. Nikamuuliza shida iko wapi basi. Akacheka. "Mwalimu, nilimwambia kijana mmoja 'funga breki', akaenda kutafuta spana."

Kijana huyo hakukosea. Hebu tuisikilize lugha yetu ya kila siku. Tukisema "dereva alifunga breki ghafla," tunamaanisha alizikanyaga. "Fundi amefunga breki mpya" ni kwamba amezipachika mahali pake. "Breki za nyuma zimefunga" ni malalamiko: zimeshika na hazitaki kuachia. Kitenzi ni kimoja, nacho kinabeba amri ya dereva, kazi ya fundi na ugonjwa wa gari. Katika masimulizi ya barazani hakuna anayepotea, kwa sababu muktadha unatuokoa. Katika agizo la mistari mitatu, muktadha ndio huo huo mistari mitatu.

Ili msomaji aone uzito wa jambo hili, inafaa tueleze pini yenyewe. Breki ya ndege kubwa ya abiria ni rundo la visahani vilivyopangwa ndani ya gurudumu. Kimoja kinazunguka pamoja na gurudumu, kinachofuata kimesimama, na kadhalika. Rubani akikanyaga, mafuta yenye shinikizo husukuma pistoni, pistoni zikabana rundo lote, na msuguano ukageuza mwendo kuwa joto. Kila mara visahani vinalika kidogo. Kwa kuwa fundi hawezi kulifungua rundo kila jioni, imewekwa pini ndogo ya chuma inayochomoza nje. Kadiri visahani vinavyolika, ndivyo pini inavyozama. Ikilingana na ukingo, breki imefika mwisho wake.

Pini hiyo husomwa breki zikiwa zimebanwa. Zikiwa zimeachiwa, bamba linalobana hurudi nyuma na pini huchomoza zaidi, hivyo breki iliyokwisha inaweza kuonekana ina uhai bado. Kwa hiyo mwanagenzi akielewa "funga" kwa maana ya kupachika, halafu akaenda moja kwa moja kwenye pini, atasoma kipimo cha uongo na kutia saini kwa moyo mweupe.

Je, milimita chache za pini zina maana gani? Tarehe 21 Mei 1988, ndege aina ya DC-10 ya shirika la American Airlines ilikuwa ikipiga mbio katika uwanja wa Dallas/Fort Worth, Marekani, ikielekea Frankfurt. Kabla ya kila safari hukadiriwa kasi ambayo, ikishapita, rubani hana budi kuruka. Ndege ilipokuwa karibu na kasi hiyo taa ya onyo iliwaka, naye rubani akaamua kukatiza mbio. Ndege ilikuwa na breki 10. Nane kati yake zilishindwa kazi. Ndege ikapitiliza mwisho wa njia na mguu wake wa mbele ukavunjika. Kwa bahati, hakuna aliyefariki.

Wachunguzi walipochimba zaidi, walikuta jambo la ajabu. Breki zile zilikuwa zimelika, lakini zilikuwa hazijavuka kiwango kilichoruhusiwa. Kiwango chenyewe ndicho kilichokuwa kibovu. Uwezo wa ndege kusimama ulikuwa umethibitishwa kwa majaribio ya breki mpya, ilhali abiria husafiri na breki kuukuu. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ikatoa maagizo kwa aina mbalimbali za ndege, kubana kiwango cha ulikaji ili hata breki iliyo ukingoni iweze kuisimamisha ndege iliyojaa. Mwaka 1998 kanuni za kuidhinisha ndege mpya nazo zikabadilishwa: jaribio kali la kusimama sharti lifanywe kwa breki zisizobakiza zaidi ya asilimia 10 ya unene unaoruhusiwa kulika.

Hapa tumefika kwenye neno "agizo", na msomaji wa safu hii anajua kwamba siwezi kulipita bila kusalimia. Katika usafiri wa anga kuna karatasi za aina mbili ambazo magazeti yetu huzichanganya. Ya kwanza ni waraka wa mtengenezaji: kampuni iliyounda ndege au breki inawaambia wateja kwamba imegundua kasoro na inashauri kifaa fulani kibadilishwe. Waraka huo peke yake aghalabu haumfungi mtu. (Naam, "haumfungi", kitenzi kile kile tena.) Ya pili ni agizo la mamlaka ya nchi. Likishatolewa, ndege inayohusika hairuhusiwi kuruka ila kwa kulitimiza katika muda uliowekwa, uwe wa siku, saa za angani au idadi ya kutua. Mara nyingi agizo huuchukua waraka ule ule wa mtengenezaji, michoro na vipimo vyake vyote, na kuugeuza kuwa sheria. Spana ni ile ile na boliti ni zile zile. Kilichobadilika ni kitenzi.

ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia usafiri wa anga, lina desturi kali kuhusu vitenzi hivyo. Katika viambatisho vya Mkataba wa Chicago wa 1944, kanuni inayozibana nchi wanachama huandikwa kwa "shall", na pendekezo huandikwa kwa "should". Nchi inayoona haiwezi kutimiza kanuni ya "shall" inawajibika kulijulisha shirika kuhusu tofauti hiyo.

Sasa niwaulize wanaofasiri nyaraka: maneno hayo mawili huyaandika vipi kwa Kiswahili? Nimeona "inapaswa" ikitumiwa kwa yote mawili. Nimeona pia "inafaa", "yabidi", "ni lazima", "ni sharti" na "hapana budi" zikipokezana katika ukurasa mmoja, kana kwamba mwandishi anaogopa kurudia neno. Shuleni tuliwafundisha wanafunzi kwamba kurudia neno ni udhaifu wa mtindo. Katika insha, sawa. Katika agizo la breki, fundi anayekutana na neno jipya ana haki ya kudhani kwamba amekutana na jambo jipya.

Si kwamba Kiswahili hakina zana. Mwislamu yeyote wa pwani aliyepitia chuoni anajua kutofautisha faradhi na sunna: moja ukiiacha unapata dhambi, nyingine ukiifanya unapata thawabu na ukiiacha huna lawama. Huo ndio mpaka wa "shall" na "should", na umekuwa ukifundishwa kwa Kiswahili karne nyingi kabla ya kuvumbuliwa kwa ndege. Sipendekezi tuandike "sunna" kwenye mwongozo wa breki, jameni. Nasema tu kwamba mantiki hiyo si ngeni kwetu.

Tuyapime maneno yenyewe. "Kupasa" ni neno zuri la Kibantu, lakini mazungumzo yamelilegeza. Tunaposema "alipaswa kukagua," masikio ya wengi husikia kwamba hakukagua. "Inapaswa kubadilishwa" husikika kama nasaha ya mzee: ukipata nafasi, badilisha. "Hapana budi" lina nguvu, kwa kuwa asili yake ya Kiarabu inabeba maana ya kutokuwa na njia ya kukwepa. Tatizo ni kwamba hukaa vyema katika ukanushi tu, na kila mwaka nasahihisha insha zenye "ana budi kwenda", ambazo zikichukuliwa neno kwa neno zinasema anaweza kukwepa.

"Lazima" ndilo neno la wengi, nalo lina mtego wake. Linganisha sentensi hizi mbili: "Lazima breki ziwe zimepoa" na "Lazima breki zimepoa." Ya kwanza ni sharti. Ya pili ni kisio la mtu aliyesimama mbali, mikono mfukoni. Gurudumu lililotoka kwenye breki kali linaweza kuwa na joto la kupasua tairi, ndiyo maana mafundi hufunzwa kulikaribia kutoka mbele au nyuma, kamwe si ubavuni. Baina ya sharti na kisio kuna kitenzi kidogo tu, "ziwe", yaani hali ya dhamira tunayoiwakilisha kwa kiishio "-e". Vivyo hivyo "lazima fundi akague" ni amri, na "lazima fundi amekagua" ni matumaini. Vijana wetu wa mijini wanaiacha "-e" hiyo kwa kasi. Wanasema "lazima unakagua" na mambo yanaenda. Mimi si askari wa lugha, na mazungumzo yana uhuru wake. Kwenye karatasi ya usalama, hapana.

Wenye Kiingereza wenyewe waliligundua tatizo hili mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mashirika ya ndege ya Ulaya yalilalamika kwamba miongozo ya ukarabati haieleweki kwa mafundi ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Mwaka 1986 ukatolewa mwongozo wa Kiingereza kilichorahisishwa, ambacho leo kinajulikana kama ASD-STE100. Kanuni yake kuu ni kwamba neno moja libebe maana moja. "Follow", kwa mfano, limeruhusiwa kwa maana ya kuja baada ya kitu, si kwa maana ya kutii. Wapenzi wa Kiswahili watatabasamu hapo, maana "fuata" letu lina maradhi yale yale.

Kuna neno jingine la karakana ambalo nadhani ni la hatari kuliko yote, nalo ni "upepo". Sote husema "tia tairi upepo", na hakuna anayefikiria ni gesi gani. Tarehe 31 Machi 1986, ndege aina ya Boeing 727 ya shirika la Mexicana iliruka kutoka jiji la Mexico. Breki ya gurudumu moja ilikuwa imepata joto kupita kiasi. Tairi la gurudumu hilo lilikuwa limejazwa hewa ya kawaida badala ya nitrojeni. Tairi likalipuka angani likiwa limekunjwa ndani ya tumbo la ndege, likakata mabomba ya mafuta na nyaya, moto ukashika, na watu wote 167 wakafa milimani katika jimbo la Michoacán.

Sababu ya nitrojeni ni hii: mpira wa ndani ya tairi ukipata joto kali hutoa mvuke, na mvuke huo ukichanganyika na oksijeni iliyomo kwenye hewa unaweza kuwaka wenyewe. Mwaka uliofuata FAA iliagiza kwamba matairi ya magurudumu yenye breki katika ndege kubwa, zenye uzito wa kuruka unaozidi pauni 75,000, ambazo ni takriban kilo 34,000, yajazwe nitrojeni au gesi nyingine isiyowaka, na oksijeni ndani yake isizidi asilimia 5. Basi fikiria mkuu wa zamu anayemwambia kijana, "Nenda ukatie lile tairi upepo." Kijana akitii neno kwa neno, amefanya kile kile agizo linachokataza.

Turudi kwenye tangazo la mwanafunzi wangu. Nilimshauri kila tendo lipewe kitenzi chake: breki "hubanwa" na "kuachiwa", ikiwa mpya "hupachikwa", ikishika bila kuachia, "imeng'ang'ania". Tairi "hujazwa nitrojeni", na neno upepo liachiwe wenye baiskeli. "Angalia" tuliliondoa, kwa kuwa mtu anaweza kuangalia bila kupima. Kwa amri nilipendekeza "sharti" likifuatwa na dhamira, na kwa ushauri "yafaa", basi, bila kupokezana na mengine. Tangazo likawa hivi: "Bana breki. Breki ikiwa imebanwa, pima pini. Pini ikilingana na ukingo, sharti breki ibadilishwe kabla ndege haijaruka."

Alilisoma kimya, kisha akatoa kalamu nyekundu, akakata "sharti" na kuandika "LAZIMA" kwa herufi kubwa. "Samahani, Mwalimu," akasema, "hawa vijana, sharti wanalijua la mkopo tu." Nilimwachia. Nilimwomba jambo moja, kwamba wakichapisha asiruhusu mtu yeyote kuigusa ile "e" ya "ibadilishwe".