Maharagwe ni rahisi sokoni lakini ghali jikoni

Madaktari hawachoki kuwahimiza watu wale maharagwe, ndengu, omena na mboga za kienyeji. Wagonjwa nao huitikia kwa kichwa, kisha hurudi nyumbani wakala ugali kwa sukuma wiki yenye mchuzi mwingi kama ilivyo ada. Huo si ukaidi, wala si ujinga. Ushauri wa aina hiyo mara nyingi hutaja bei ya chakula sokoni na kusahau gharama ya kukipika.

Hebu fikiria, msomaji, hali ya mtu anayeishi katika chumba kimoja mtaani. Anatoka kazini saa kumi na moja, anapigana na matatu na kufika nyumbani saa moja jioni. Watoto wana njaa. Jiko ni moja, na maharagwe makavu yanataka saa mbili au zaidi motoni. Makaa, gesi au mafuta taa ya kuyaivisha huenda yakamgharimu sawa na maharagwe yenyewe. Ukipiga hesabu hiyo utaelewa kwa nini mkate, chai na chipsi za kando ya barabara zimeshinda githeri mijini.

Wakazi wa Nairobi wana tatizo la ziada ambalo wengi hawalijui. Jiji hili liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda juu ndivyo maji yanavyochemka kwa joto la chini. Mombasa maji huchemka yakifika nyuzi 100, lakini hapa huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Hata ukiongeza makaa hadi jiko liwe jekundu, maji hayo hayatapata joto zaidi ya hapo. Yatakauka tu upesi. Ndiyo sababu mtu aliyehamia Nairobi kutoka Pwani hulalamika kwamba mbaazi za huku ni ngumu. Mbaazi hazina kosa.

Kwa hivyo juma hili ningependa tuzungumze hasa kuhusu namna ya kupunguza gharama ya jikoni, maana hapo ndipo familia nyingi hukwama.

Na jambo lenyewe si dogo. Mama mmoja kutoka mtaa wa mashariki mwa jiji alimleta kwangu mtoto wa miaka mitatu akitaka dawa ya kumpa hamu ya kula. Alikuwa tayari amenunua chupa mbili za vitamini kwa nyakati tofauti. Nilipomfunua mtoto kope la chini nikaona weupe, na alipopimwa, damu yake ilikuwa gramu 8. Kwa umri huo haifai kupungua gramu 11. Tulimpima malaria na minyoo, na ilibidi apewe dawa ya madini ya chuma, kwa sababu upungufu wa kiasi hicho hautibiwi kwa chakula pekee. Lakini nilipouliza anakula nini, jibu lilikuwa chai ya maziwa na mkate asubuhi, ugali kwa mchuzi wa sukuma mchana, na jioni ugali tena na kikombe kingine cha chai. Mtoto huyo alikuwa akishiba kila siku. Pesa za chupa zile mbili zingetosha kununua omena na ndengu za majuma kadhaa.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyostahili umri wao. Mwaka 2014 walikuwa asilimia 26. Tumepiga hatua, lakini bado ni karibu mtoto mmoja kwa kila watano, na urefu uliopotea katika miaka miwili ya kwanza ni vigumu sana kuurudisha.

Sasa tuingie jikoni. Chagua maharagwe, uyaoshe, kisha uyaloweke usiku kucha katika maji mengi. Asubuhi mwaga maji hayo, kwani yana baadhi ya vitu vinavyoleta gesi tumboni, utie mengine safi. Maharagwe yaliyolowekwa huiva kwa muda mfupi zaidi, pengine nusu ya ule wa kawaida. Yakiwa ya zamani, yaliyokaa ghalani mwaka mzima, yatakusumbua hata ukiyaloweka. Muulize mwenye duka ni ya msimu gani. Usitie chumvi, nyanya wala limau kabla hayajaiva, na hasa nyanya na limau, kwani ukali wake huyafanya yakatae kulainika. Wengine hutia magadi ili yaive haraka. Ni kweli huiva, lakini magadi huharibu vitamini B1, na katika mboga za majani huharibu vitamini C. Mimi siyapendekezi.

Njia ya pili ni kikapu cha joto. Tafuta kikapu kikubwa au katoni imara, ukitandike ndani kwa blanketi kuukuu na vitambaa hadi kuwe na unene wa kiganja pande zote. Chemsha maharagwe yaliyolowekwa kwa dakika 30 hivi, yakitokota kwelikweli, sufuria ikiwa imejaa na kufunikwa. Epua, uifunge mara moja ndani ya kikapu, uifunike juu kwa mto, kisha uende zako kazini. Joto lile halina pa kutokea, nayo maharagwe huendelea kuiva bila hata kipande cha kaa. Ukirudi jioni, yachemshe tena kabla ya kuyaunga.

Hapa lazima nitoe onyo. Usiyatie maharagwe kikapuni kabla hayajatokota. Maharagwe mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu ambayo huharibiwa kwa kuchemka sawasawa kwa angalau dakika 10. Yakipashwa moto tu bila kuchemka, mlaji anaweza kutapika na kuhara vibaya. Na chakula kilichopoa kikawa vuguvugu kwa muda mrefu ni makao mazuri ya viini, ndiyo maana nasema kichemshwe tena.

Ukiwa na sufuria ya presha, basi umepona, kwa kuwa presha hupandisha joto la maji kupita nyuzi 100 na kuondoa ule ubaya wa milima yetu. Kama huna, usione haya kununua maharagwe au githeri iliyochemshwa kutoka kwa akina mama wanaouza kando ya njia. Mama huyo anapika sufuria kubwa kwa moto mmoja, na gharama ya makaa inagawanywa kwa wateja wote. Yachemshe tena nyumbani, uunge kwa kitunguu na nyanya. Au shirikianeni na jirani: leo apike yeye, keshokutwa upike wewe. Asiye na friji asipike ya zaidi ya siku mbili, na ayachemshe asubuhi na jioni.

Siku ambayo hukuloweka chochote, pika kamande au ndengu. Hizi ni punje ndogo na huiva mapema kuliko rosekoko au Nyayo.

Je, kuna faida gani ya taabu yote hii? Nusu kilo ya maharagwe makavu ina protini kama gramu 110. Nusu kilo ya nyama ya ng'ombe isiyo na mifupa ina karibu kiasi hicho hicho. Wanaodharau maharagwe husema protini yake ni pungufu, na kwa kiasi fulani ni kweli, lakini kile kinachopungua ndani ya maharagwe kimo ndani ya mahindi, na kinachopungua ndani ya mahindi kimo ndani ya maharagwe. Wazee walioanza kupika githeri hawakuwa na maabara, lakini mchanganyiko wao hauna dosari. Ugali kwa maharagwe ni vilevile, na chapati kwa ndengu, na mbaazi za nazi zinazoliwa asubuhi kule Pwani.

Omena nao wana dharau yao. Kuna watu watakaoficha sufuria mgeni akibisha hodi. Lakini zaidi ya nusu ya uzito wa omena waliokauka vizuri ni protini, na kwa kuwa huliwa na mifupa yao, wana kalsiamu nyingi. Usikate vichwa. Waoshe kwa maji ya vuguvugu mara mbili au tatu mpaka mchanga uishe, wakaange kwa mafuta kidogo, kisha tia kitunguu, nyanya na limau. Dakika 15 zinatosha, nazo ni makaa machache mno. Kataa omena wenye ukungu au harufu ya uvundo, hata ukipunguziwa bei.

Kuhusu mboga za majani, sina ugomvi na sukuma wiki. Ninachopinga ni kuila siku saba mfululizo, ikiwa imekatwa nyembamba kama nyuzi, ikaoshwa baada ya kukatwa, ikachemshwa hadi kubadilika rangi, na maji yake yakamwagwa. Vitamini C yote imeenda na maji hayo. Osha majani yakiwa mazima, na uoshe kwa bidii, kwa sababu hujui yalinyunyiziwa maji ya wapi. Kata, pika kwa dakika chache, na tia mafuta kijiko kimoja au viwili, maana vitamini A iliyomo haifyonzwi vizuri bila mafuta. Badilisha na terere, kunde, managu na saga. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia ametumia miaka mingi kuchunguza mboga hizi ambazo zamani ziliitwa chakula cha maskini, na sasa zinauzwa hata katika maduka makubwa.

Jambo moja ambalo halikugharimu hata senti ni chai. Majani ya chai yana kitu kinachozuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika maharagwe na mboga. Ukinywa chai pamoja na chakula, sehemu kubwa ya madini hayo inapita tu. Ngoja saa moja hivi. Badala yake kamulia limau juu ya mboga, au mpe mtoto kipande cha chungwa au pera baada ya kula. Vitamini C hufungua mlango wa madini ya chuma kuingia mwilini. Kwa mtoto yule niliyemtaja, kuondoa chai ya jioni lilikuwa agizo langu la kwanza kuhusu chakula.

Unga pia una hesabu yake. Mahindi yaliyosagwa mazima katika kinu cha mtaani hubaki na kiini na kapi, ambako vitamini nyingi ziko. Unga mweupe wa pakiti umepoteza vitu hivyo, ila tangu mwaka 2012 sheria inawataka wenye viwanda kuuongeza vitamini na madini. Wa kinu ukiwa wa bei nafuu, nunua bila wasiwasi, mradi uyaone mahindi kabla hayajasagwa. Yenye ukungu, yaliyobadilika rangi au yenye harufu, usiyaguse. Mwaka 2004 watu 125 walifariki, wengi wao katika sehemu za Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini. Sumu hiyo haiishi kwa kupikwa. Hakuna ugali wa bei rahisi kuliko huo, wala ghali kuliko huo.

Vikolezo vya pakiti ni chumvi tupu kwa sehemu kubwa. Ukivitumia, usiongeze chumvi nyingine, hasa kama nyumbani kuna mtu mwenye shinikizo la damu. Mtu mzima hahitaji zaidi ya kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa siku, ikihesabiwa ile iliyo ndani ya mkate na chipsi.

Mwisho ni uji wa watoto. Mtoto aliyetimiza miezi sita huanza kula huku akiendelea kunyonya, na tumbo lake ni dogo. Uji mwepesi kama maji humjaza bila kumlisha. Uwe mzito kiasi cha kushikamana na kijiko, uchanganywe na njugu zilizosagwa vizuri, au unga wa omena waliokaangwa wakakauka, au kiini cha yai. Usichanganye nafaka kumi na mbili kwa sababu ya matangazo. Wimbi na njugu zinatosha. Mlishe mara tatu kwa siku, na akipita miezi tisa umwongezee kitu kidogo katikati.

Ukiona miguu ya mtoto imevimba na ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki, au nywele zimekuwa nyepesi na zenye wekundu, au amekuwa mnyonge asiyetaka kucheza, usianze kumpikia omena nyumbani. Mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo. Katika zahanati wana mkanda wa kupimia mkono kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5: chini ya sentimita 12.5 anahitaji kuangaliwa na kuongezewa lishe, na chini ya sentimita 11.5 anahitaji matibabu mara moja.