Adabu ya Kula Bia: Nani Atafunua Hotipoti ya Muthokoi?

Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza darasani jina la Kiswahili la ile karamu ambayo kila mwalikwa huja na chakula alichokipika nyumbani kwake, kikatandazwa pamoja na vya wenzake, kisha wote wakala vyote. Alidhani kwamba lugha yetu haina neno hilo na kwamba itatubidi tulibuni. Nilimjibu kuwa neno lipo, tena ni la kale: kula bia. Darasa zima likaangua kicheko. Vijana wetu wanaijua bia moja tu, ile ya chupa, iliyotujia kwa njia ya Kiingereza. Hawana habari kuwa ilitanguliwa na bia nyingine yenye maana ya ushirika, ndugu yake ubia na mbia. Lipo pia neno kikoa. Wanaokula kikoa hawaleti vyakula siku moja, bali hulishana kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako.

Nilicheka pamoja nao, lakini baadaye nilijiuliza: neno likishasahaulika, adabu yake hubaki wapi? Swali hilo lilikuwa limenisumbua tangu mwisho wa mwaka uliotangulia, nilipoalikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule moja ya Makueni, ambayo sitaitaja. Baada ya hafla walimu walikuwa wamepanga kula pamoja. Orodha ilibandikwa katika chumba cha walimu: huyu kuku, huyu pilau, huyu chapati, huyu matunda. Mwalimu mmoja kijana, aliyeajiriwa na bodi ya shule kwa ujira usiotosha nauli, hakupangiwa kitu. Aliambiwa alete chochote. Akaleta muthokoi.

Kwa msomaji asiyetoka Ukambani, muthokoi ni mahindi yaliyoondolewa ganda la nje. Punje hutiwa maji kidogo, zikatwangwa kinuni hadi ganda liachane na kiini, zikapepetwa, kisha zikachemshwa kwa saa nyingi pamoja na maharagwe au mbaazi, ambazo sisi huziita nzuu. Siku hizi ziko mashine za kukoboa, lakini kuni na saa za kuchemsha hazijapungua. Bei yake sokoni ni ndogo. Kazi yake ni kubwa.

Kuku aliisha kwanza, kisha pilau. Hotipoti ya muthokoi ilikaa pembeni mwa meza na kifuniko chake, hakuna aliyeigusa. Nami sikuigusa. Nilijifariji kwa kusema kwamba mgeni hali ila alichopakuliwa. Watu walipoanza kutawanyika nilimwona yule mwalimu akiifunga ndani ya leso, nzito kama ilivyokuja.

Hapana shaka wako watakaosema kwamba hilo ni jambo dogo, kwamba watu huchagua wanachokipenda. Mimi naona kosa lilianzia ukutani, katika ile orodha. Orodha ya namna hiyo hupima mfuko wa mtu kabla ya kumkaribisha mezani: mwenye mshahara mkubwa ana kuku, mwenye mdogo ana "chochote". Na chakula kikishaitwa chochote, nani atakifunua?

Nilipokuwa mtoto Kitui, majirani walipokuja kulima kwa nyanya yangu kwa utaratibu wa mwethya, yaani kazi ya kusaidiana, sheria ilikuwa kwamba mwenye shamba ndiye anayewalisha wafanyakazi. Lakini mwaka wa mvua haba ukifika, nani angeweza kuwalisha watu ishirini? Wanawake walikuja na nafaka ndani ya vyondo vyao. Mmoja alileta mahindi, mwingine kunde, mwingine nzuu kiganja kimoja. Asiyekuwa na nafaka alikuja na mzigo wa kuni au mtungi wa maji. Vyote viliingia katika sufuria moja vikawa isyo, na isyo ikishaiva haina majina. Hakuna mtu aliyeweza kuonyesha punje na kusema hii ni ya fulani. Mwenye kuni alipakuliwa sawa na mwenye mahindi, na kila aliyekula alikuwa amekula cha kila mtu.

Wakamba huyapa majina miaka ya njaa. Ile ya mwaka 1961, chakula kilipodondoshwa kutoka angani, yaitwa Yua ya Ndeke, njaa ya ndege. Ile ya mwaka 1984 yaitwa Nikw'a Ngwete, ninakufa ilhali nimeshika. Na kilichoshikwa ni pesa. Watu walikuwa na fedha mkononi, chakula cha kununua hakuna. Ni ajabu kidogo kwamba watoto na wajukuu wa watu hao wanapima chakula cha mwenzao kwa bei ya duka.

Hata hivyo, sitaki kuisifu sufuria moja kupita kiasi. Kati ya Januari na Juni mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafariki, wengi wao katika wilaya za Makueni na Kitui kama zilivyoitwa wakati huo, kwa kula mahindi yenye aflatoksini, sumu itokanayo na ukungu. Mengi yalikuwa mahindi ya nyumbani, yaliyohifadhiwa yakiwa hayajakauka vyema. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo. Kukoboa huipunguza, kwa hiyo muthokoi una heri kidogo, lakini hakuimalizi. Basi fikirini: kiganja kimoja cha mahindi mabovu katika sufuria isiyo na majina hukifikia kila kinywa.

Tulilelewa tukijua kwamba kuuliza asili ya chakula cha jirani ni kumtukana. Baada ya 2004 adabu hiyo lazima ibadilike. Nadhani njia nyepesi ni mpishi kujitangulia: aseme mwenyewe mahindi yalitoka wapi, yalianikwa juu ya turubai au juu ya udongo, na yamekaa ghalani tangu lini. Akisema yeye, hakuna aliyelazimika kuuliza. Na mwenye shaka na mahindi yake asione haya kuja na kuni. Walimu wa sayansi wanaweza kulieleza hilo darasani vizuri kuniliko mimi mtu wa sarufi.

Kuhusu kuchagua cha kuleta, nina maoni machache tu. Leta ukijuacho kukipika, si ukionacho kwa wenzako, na kiwe cha kuwatosha watu watatu au wanne zaidi ya nyumba yako. Mwandalizi naye aulize "una nini?" kabla ya kuandika "lete nini". Kisha wakubwa, mwalimu mkuu akiwa wa kwanza, wapitie meza nzima na waonje kila chombo hata kwa kijiko kimoja, maana wadogo hutazama mkono wa mkubwa unakokwenda. Wanafunzi wetu walisimama mlangoni siku ile na waliona vizuri mkono wangu ulikokwenda.

Nilimfuata yule mwalimu hadi langoni.

"Mwalimu, hiyo hotipoti naiomba."

"Imepoa, Daktari. Na wewe ni mgeni wetu, nitakupaje kiporo?"

"Nipe hivyo hivyo."

Alisita, kisha akanipa pamoja na leso. Usiku ule tuliupasha moto kwa dada yangu mjini Wote, tukala watu watano, sufuria ikakombwa. Mbaazi zilikuwa laini, na kitunguu kilikaangwa kama afanyavyo mtu asiyekuwa na haraka.

Hotipoti hiyo ingali kwangu. Katika nyumba nilizolelewa chombo cha jirani hakirudi kitupu, na mwezi wa pili nilipokwenda Kitui nilinunua kilo mbili za ndengu za mavuno ya mvua za vuli. Mke wangu anasema ndengu mbichi ndani ya hotipoti ni mzaha, na kwamba sharti nizipike kwa mkono wangu mwenyewe. Bado tunabishana.