Roboti kwa dakika 40: Shule yaweza kuanza na burashi ya viatu

Mwanafunzi anapomaliza gredi ya 9 hujiunga na mmoja wa mikondo mitatu ya sekondari ya juu: STEM, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Asiyewahi kuunganisha betri na mota kwa mikono yake atauchagua au kuuepuka mkondo wa STEM kwa kubahatisha.

Kizuizi kimoja ni muda. Kipindi cha sekondari msingi ni dakika 40 tu. Hata hivyo, roboti hufanya mambo matatu: hupokea habari, huamua, kisha hutenda. Mwalimu anaweza kuyagawa katika vipindi tofauti.

Kipindi cha 1: Burashi inayotembea. Funga kwa selotepu mota ya gari bovu la kuchezea na betri mbili za rimoti juu ya burashi ya viatu. Chomeka kipande cha raba kwenye ncha ya mota, kielemee upande mmoja. Mota ikizunguka, uzito huo hutikisa burashi nayo husonga. Wanafunzi wabadilishe ukubwa wa raba, waone tofauti.

Kipindi cha 2: Mkono wa maji. Unganisha sirinji mbili kwa mpira mwembamba uliojaa maji. Ukisukuma moja, nyingine huinua kipande cha katoni. Sirinji ndogo ikisukuma kubwa, nguvu huongezeka, ila mwendo hupungua.

Kipindi cha 3: Kuamua. Kompyuta haihitajiki. Kundi liandike maagizo kama "ukifikia kiti, geuka kulia", na mwanafunzi mmoja ayafuate neno kwa neno. Akigonga ukuta, maagizo yarekebishwe. Hiyo ndiyo kazi ya mwandishi wa programu.

Ili muda utoshe, vifaa vipangwe siku iliyotangulia na wanafunzi wakae wannewanne. Tenga dakika 5 za maelezo, 20 za kuunda, 10 za kujaribu na kurekebisha, na 5 za kusafisha. Usikate zile 10, kwani hapo ndipo mwanafunzi hujifunza zaidi.

Usalama: Tumia sirinji mpya zisizo na sindano. Usiunganishe chochote na umeme wa ukutani, wala usifungue betri za simu.

Mzazi, kabla ya kutupa gari bovu la kuchezea, mpe mtoto alipeleke shuleni. Huenda mota yake bado inazunguka.